Hirizi, Talasimu na Kago: Tatizo la Kisawe cha Jina la Kinga kati ya Lugha za Ulaya na Kiswahili

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa nzima mwaka 1952, akifika Mathayo 23:5 hukuta Mafarisayo wakilaumiwa kwa kupanua hirizi zao. Akirudi nyuma hadi Ezekieli 13:18, hukuta wanawake wanaotangaziwa ole kwa sababu wanashona hirizi. Kitu cha kwanza ni tefilini, yaani vijisanduku vya ngozi vyenye maandiko ya Torati ambavyo Myahudi huvifunga mkononi na kwenye paji la uso wakati wa sala, kwa kufuata agizo la Kumbukumbu la Torati 6:8. Cha pili ni vifungo vya wanawake wanaoshutumiwa kuwinda roho za watu. Kiebrania hakikuvipa vitu hivyo viwili jina moja, wala tafsiri ya kale ya Kigiriki haikufanya hivyo. Kiswahili kimevipa jina moja. Aidha, katika Isaya 3:20 kimo kitu cha tatu, pambo la mabinti wa Sayuni ambalo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililiita hereni na masahihisho ya mwaka 1885 yakaliita “amulets”. Hicho, katika Union Version, ni matalasimu.

Ni rahisi kusema kwamba mtafsiri alikosea, na wapo wanaosema hivyo. Lakini mtu akifuatilia asili ya majina yenyewe atakuta kwamba mtafsiri wa Mathayo alikuwa mwaminifu kwa Kigiriki kuliko Waingereza waliomtangulia, na kwamba tatizo halikuanzia kwenye meza yake. Dai la makala haya ni kuwa lugha kubwa za Ulaya Magharibi zilizoea kuyagawa majina ya kinga kwa kumtazama mwenye kitu: ni Mrumi wa kale, ni mtu wa dini inayoheshimiwa, ni mtu wa Mashariki, au ni Mwafrika. Kiswahili kiliyagawa kwa kutazama kitendo: kitu kimevaliwa, kimefukiwa, kimetegwa au kimenywewa. Kamusi zilipotumia mgawanyo wa kwanza kuufasiri wa pili, tofauti nyingi zilipotea, na nyingine kati ya hizo zina uzito hadi mahakamani.

Neno la Mathayo kwa Kigiriki ni “phylakterion”, kutokana na kitenzi chenye maana ya kulinda. Kabla ya kuwa kitu cha kuvaa lilikuwa jina la kituo cha walinzi, ngome ndogo ya mpakani. Kiarabu kina neno lililopita njia hiyohiyo: “hirz”, mahali palipozungushiwa ulinzi, kisha kitu kimlindacho mtu mwilini. Katika fiqhi maana ya kwanza bado ni hai. Kwa wanazuoni walio wengi, adhabu ya mwizi ya kukatwa mkono haitimii mpaka ithibitike kuwa mali ilitolewa kwenye hirz yake, yaani ndani ya hifadhi inayostahili mali ya aina hiyo. Kiswahili kilipolipokea neno kiliacha ghala na ngome, kikachukua kifuko cha ngozi kinachofungwa mkononi, kiunoni au shingoni, na kwa kanuni za silabi zake kikalitamka hirizi. Kwa hiyo mtu akiuliza ni neno gani la Kiswahili linalolingana na “phylakterion” kwa mzizi, kwa historia ya maana na hata kwa umbo la kitu chenyewe, jibu ni hirizi. Ni nadra kupata kisawe kinachokaa namna hii.

Tatizo lilikuwa kwa Kigiriki chenyewe. Kwa Myahudi anayezivaa, tefilini ni utiifu wa amri. Hakuzivaa ili zimkinge. Mishna, katika sehemu ihusuyo Sabato, inazitaja tefilini na “kamea” kwa majina mawili tofauti ndani ya kifungu kimoja, na hiyo “kamea” ndiyo kinga, kutokana na mzizi wa kufunga. Mishna inakwenda mbali zaidi: inatofautisha kamea iliyotoka kwa fundi aliyethibitika na ile isiyotoka kwake. Aliyeziita tefilini “phylakterion” kwa Kigiriki alikuwa tayari amezitazama kwa jicho la mtu wa nje, aliyeona ngozi, maandishi na kamba, akaamua kuwa anakijua kitu hicho. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 haikulifasiri neno hilo. Ililikopa lilivyo, na neno la mkopo likawa pazia, maana msomaji wa kawaida wa Kiingereza alipolisoma hakuona kitu chochote alichowahi kukigusa. Mtafsiri wa Kiswahili hakuwa na pazia. Neno alilokuwa nalo lilikuwa limefungwa kwenye mikono ya watoto wa jirani. Biblia Habari Njema baadaye ilijaribu kuutatua ugumu huu kwa kueleza badala ya kutaja, ikazungumzia tepe zenye maandishi. Ufumbuzi huo unamheshimu zaidi mwenye kitu. Lakini umeiondoa kabisa dhana ya ulinzi iliyomo katika Kigiriki, na msomaji hawezi tena kujua kuwa ndani ya neno la Mathayo mna hukumu ya mtu wa nje.

Kwa upande wa Kilatini, neno “amuletum” linapatikana kwa Plinio Mzee, aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvio ulipolipuka. Katika sehemu moja analitumia kuwa jina la mmea uliopandwa majumbani kwa imani kwamba palipo na mmea huo dawa mbaya hazidhuru. Asili ya neno haijulikani. Wakale walilihusisha na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusukumia mbali, jambo linalofaa kwa maana lakini lina mashaka kwa umbo. Lililo muhimu zaidi kwa mhakiki ni pendekezo lililopata wafuasi katika karne ya 19, kwamba neno hilo ni la Kiarabu, kutokana na mzizi wa “hamala”, kubeba, na “himala”, mkanda wa kuning’iniza upanga au msahafu mdogo. Hoja hiyo haiwezi kusimama, kwa kuwa Warumi walikuwa wakilitumia neno karne nyingi kabla Kiarabu hakijaanza kukopesha maneno Ulaya, na toleo la Encyclopaedia Britannica la mwaka 1911 lilikwisha kuutaja uhusiano huo kuwa ni wa uongo. Hata hivyo, pendekezo lenyewe lina la kufundisha. Neno lilikuwa limezaliwa Roma, kwa Warumi, kwa ajili ya nyumba za Kirumi, na bado palikuwa na hamu ya kulitafutia baba Arabuni.

Ilhali Warumi hawakuwa wageni wa jambo hili. Mtoto wa kiume aliyezaliwa huru alivaa “bulla” shingoni tangu utotoni hadi alipovaa joho la utu uzima: kifuko cha mviringo chenye kitu cha kinga ndani, cha dhahabu kwa matajiri na cha ngozi kwa maskini. Mtu yeyote wa Tanga au Lamu akionyeshwa bulla ya ngozi bila maelezo ataiita hirizi, na atakuwa sahihi. Katika makumbusho za Ulaya kitu hicho huandikwa kwa jina lake la Kilatini, au huitwa “amulet”. Hakuna anayekiita “fetish”. Mfano huu mmoja una nguvu kuliko nadharia nyingi, kwa sababu umbo, matumizi na imani ni vilevile. Kilichobadilika ni shingo.

Safari ya “talisman” ni ndefu zaidi, na ina mzaha wa kihistoria ndani yake. Kigiriki kilikuwa na “telesma”, kutokana na kitenzi cha kutimiza au kukamilisha. Zamani lilimaanisha malipo, kodi iliyotimizwa; baadaye likawa kitu kilichokamilishwa kwa ibada. Kiarabu kilikichukua kikakiita “tilasm”, wingi “talasim”, na elimu ya kuunganisha herufi, namba, madini na nyota ikajengwa juu yake. Karne ya 17 neno lilirudi Ulaya kupitia Kiitaliano, Kihispania na Kifaransa likiwa limevaa kilemba, na Wazungu wakalipokea kama kitu cha Mashariki ingawa lilikuwa limetoka Athene. Tawi jingine lilishuka na bahari hadi Pwani ya Afrika Mashariki likawa talasimu, kinga iliyoandikwa kwa maneno au alama za siri. Hivyo talasimu na “talisman” ni ndugu wa tumbo moja, na mtafsiri wa Isaya alipoandika matalasimu hakukopa kutoka Ulaya. Alichota kwenye kisima ambacho Ulaya pia ilikichota. Kwa bahati, Kiarabu kina jina jingine la kinga, “tamima”, ambalo mzizi wake nao ni wa ukamilifu. Hakuna uhusiano wa nasaba kati ya “tamima” na “telesma”. Lugha mbili zilifika kwenye wazo moja zikiwa mbali, kwamba mtu asiyekingwa ni mtu asiyekamilika.

Fasihi ya Ulaya ya karne ya 19 ilililea neno hili kwa upendo. Walter Scott aliliweka kwenye jalada la riwaya yake ya mwaka 1825, ambamo kinga ya uponyaji imo mikononi mwa Saladini. Balzac aliita “talisman” sehemu ya kwanza ya riwaya yake ya mwaka 1831, na hapo napo kitu chenyewe, ngozi inayonywea kwa kila tamaa inayotimizwa, kina maandishi ya Mashariki. Pushkin aliandika shairi kwa jina hilo mwaka 1827, na akavaa pete ya akiki yenye maandishi ya Kiebrania aliyoiona kuwa kinga yake. Maandishi hayo yaliposomwa na wenye kuijua lugha yalikuwa jina la mtu: Simha mwana wa Rabi Yosefu, na dua ya kumbukumbu njema. Ulikuwa muhuri wa mtu binafsi. Pete iliibwa kwenye makumbusho yake mwaka 1917 na haijapatikana. Kisa hiki kinaonyesha hali ya neno katika lugha hizo kuliko fasili ya kamusi: “talisman” ni kinga ya mwenzio ambayo husomi maandishi yake, na uzuri wake ni huko kutosomeka. Kwa Kiswahili hali ni nyingine. Aliyeandika hirizi anayajua aliyoyaandika, na aghalabu aliyeivaa anaijua aya iliyomo.

Neno la tatu halikupata upendo huo. Kilatini “facticius” kilimaanisha kitu cha kutengenezwa kwa mkono. Kireno kilikigeuza kuwa “feitiço”, na mwanzoni kilitumika nyumbani Ureno kwa uchawi wa Wareno wenyewe. Mabaharia walipofika pwani ya Guinea walilitumia kwa kila walichokiona kimefungwa au kimeheshimiwa, na katika lugha ya biashara ya pwani hiyo likawa “fetisso”. Mholanzi Willem Bosman alilitangaza katika kitabu chake kuhusu Guinea cha mwaka 1704. Charles de Brosses akaliinua kuwa nadharia mwaka 1760 katika kitabu kuhusu ibada ya miungu fetishi. Marx akalipeleka kwenye bidhaa mwaka 1867, na Freud kwenye tamaa za mwili mwaka 1927. Kila hatua ilizidi kulitenga na watu waliovaa vitu hivyo. Nkisi ya Wakongo, yenye jina lake, fundi wake na masharti yake, iliandikwa “fétiche” katika orodha za wamisionari na wakusanyaji, na ni katika miongo ya karibuni tu ambapo makumbusho nyingi zimeanza kulirudisha jina nkisi.

Hapa ndipo mgawanyo unapojifichua. Karne ya 18 palikuwa na mifuko midogo iliyovaliwa na Waafrika, watumwa na walio huru, mjini Lisbon na nchini Brazili, ikijulikana kama “bolsas de mandinga”, kwa jina la Wamandinga wa Afrika Magharibi ambao wanazuoni wao Waislamu walisifika kwa kuandika kinga. Kwa umbo ni hirizi: mfuko ulioshonwa, maandishi ndani, kamba ya kuvalia. Wenye mifuko hiyo walishtakiwa mbele ya mahakama ya kidini kwa “feitiçaria”. Katika mitaa hiyohiyo Mkatoliki mwema alivaa skapulari, vipande viwili vya kitambaa kitakatifu vilivyounganishwa kwa kamba, na hakuna aliyemshtaki. Haitoshi kusema kwamba Kanisa lilikuwa na hoja zake za kiteolojia za kuvitofautisha vitu hivyo. Lilikuwa nazo. Lakini jina lilitangulia hoja, na mara jina lilipotamkwa hoja haikusikilizwa tena.

Si lugha zote zilizofanya hivyo, na haki inadai hilo lisemwe. Kirusi, ingawa kimekopa “amulet” na “talisman”, kimebaki na “obereg”, kutokana na kitenzi cha kutunza, neno la nyumbani kwa kitu cha nyumbani. Kijapani kina “omamori”, kutokana na kitenzi cha kulinda na kiambishi cha heshima mwanzoni. Hata Kiingereza, katika neno lake la mtaani “charm”, kimehifadhi kumbukumbu kwamba kinga ilianza kuwa sauti, maana neno hilo lilitoka Kilatini “carmen”, wimbo au maneno ya kuzinguliwa. Majina haya yanatazama kazi ya kitu. Yanakaribiana na Kiswahili kuliko yanavyokaribiana na “fetish”.

Kiswahili kina utajiri ambao haujapata uchambuzi unaoustahili. Hirizi huvaliwa. Kombe haivaliwi kamwe: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, maandishi huoshwa kwa maji, na maji hayo hunywewa, kinga inaingia tumboni. Hakuna hata neno moja kati ya yale ya Ulaya yaliyojadiliwa ambalo linaweza kuibeba kombe, kwa sababu yote yanadhani kuwa kinga ni kitu kinachobaki. Azima, kutokana na Kiarabu cha kukusudia kwa nguvu, imeelemea kwenye maneno yanayosomwa. Kago huwekwa kwenye shamba, mti au mali, na nguvu yake ni ya kuzuia. Tego, kutokana na kutega, ni mtego hasa: haliridhiki na kuzuia, humnasa mwizi au mzinzi na kumdhuru. Fingo hufukiwa ardhini, na hulinda mahali, si mtu. Katika kaya za Wamijikenda, ambazo misitu yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, fingo lililofukiwa ndilo lililoifanya kaya kuwa kaya, na masimulizi ya wazee yanasema lilibebwa kutoka Singwaya wakati wa kuhama. Kuliita fingo “amulet” ni kuuambia umma kuwa mji mzima ulivaa mkufu.

Zindiko linahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa neno hili linaonyesha jinsi sarufi ya Kiswahili ilivyoushika mfumo huu. Kitenzi zindika kina maana ya kuweka kinga na pia ya kuifungua nyumba au shughuli mpya kwa taratibu zinazostahili. Kwa umbo kimepangwa na zindua, kama bandika na bandua au anika na anua. Hiyo zindua ndiyo inayosikika leo kila kiongozi anapokata utepe, na uzinduzi limekuwa neno la ofisini lisilokumbusha uganga hata kidogo. Katika jozi hii neno la upande mmoja limebaki kwa mganga na la upande wa pili limekwenda ikulu. Kaga na kagua zina umbo la jozi ya namna hiyo, kama funga na fungua, ingawa umbo peke yake si ushahidi wa kutosha kuhusu ukaguzi wa leo ulikotoka. Hoja inayosimama bila shaka ni kwamba kago, tego na zindiko ni nomino zilizozaliwa na vitenzi. Mzungumzaji anayeyatumia hajaanza na kitu. Ameanza na tendo, na kitu ni alama ya kuwa tendo limefanyika.

Kamusi hazikuuona mfumo huu, au ziliuona zikaupita. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake zinaieleza hirizi vizuri, pamoja na kifuko chake cha ngozi na aya iliyomo. Lakini mbele ya kago, fingo na azima, neno “charm” ndilo linalobebeshwa mzigo, na tofauti zimeachwa kwenye maelezo mafupi yanayofuata, ambayo msomaji mwenye haraka hayafikii. Kazi ya kamusi ya lugha mbili ni kumpa mgeni kisawe, na mgeni hakuhitaji zaidi. Hasara imekuja baadaye, watafiti wanaoandika kwa Kiswahili walipoigeuza njia. Anayesoma nadharia kwa Kiingereza hukutana na “charm”, “amulet” na “fetish”, hutafuta kisawe, hupata hirizi, kisha huenda uwandani na kuandika hirizi hata pale mhojiwa aliposema kago. Data hutoka uwandani zikiwa saba na hufika kwenye sura ya uchambuzi zikiwa moja.

Wapo wanaopendekeza kuwa kinga litumike kama jina la jumla. Lina sifa nzuri: ni la Kibantu, ni pana, halimtukani mtu. Hata hivyo, matumizi ya kitabibu yamelivuta sana upande wake, na “kinga ya kienyeji” inayoongezwa ili kulitofautisha inarudisha dharau iliyokusudiwa kuondolewa. Zaidi ya hayo, hakuna jina lisilo na upande katika jambo hili. Miongoni mwa Waislamu wa Pwani wapo wanaoiona hirizi yenye aya kuwa ni kujilinda kwa maneno ya Mungu, na wapo wanaoihesabu kuwa ni tamima iliyokatazwa katika hadithi na kuiita shirki. Mwalimu anayeandika hirizi hatakubali iwekwe katika sura ya uganga pamoja na tego. Mpinzani wake atasema hapo ndipo mahali pake. Mtafiti anayechagua jina la sura amekwisha kuingia kwenye mjadala huo, hata kama hakukusudia. Linaloweza kudaiwa kwake ni kwamba aseme nani analiita nini.

Uzito wa jambo hili unaonekana wazi katika sheria. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, iliyotungwa mwaka 1928 na kurithiwa na Tanzania, inafanya kuwa kosa kutengeneza, kutumia au kumiliki chombo cha uchawi. Fasili yake ya chombo hicho inatazama kile ambacho kitu kinatumika kufanya au kinaaminika kuwa na uwezo wa kufanya: kumzuia mtu asitende jambo analoruhusiwa kisheria, kumsababishia kifo, jeraha au ugonjwa, kumtia hofu, na mengine ya jinsi hiyo. Ni fasili ya kitendo, kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa kipimo hicho tego limo ndani bila ubishi, kwa kuwa tego lisilodhuru si tego. Hirizi ya mtoto, inayomwombea aliyeivaa na haimgusi mwingine, iko nje. Kago liko mpakani, na linategemea kinachosemwa kuhusu yule atakayelivuka. Mahakamani tofauti hizo tatu ni tofauti kati ya kuachiwa, kutiwa hatiani na kubishaniwa. Zilipotafsiriwa zote kwa “charm” ili ziandikwe katika kumbukumbu za Kiingereza, hakimu aliletewa kitu kimoja.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzihamishia sheria za zamani katika Kiswahili inamaanisha kwamba maneno ya mwaka 1928 nayo yatapaswa kupewa visawe, na safari hii tafsiri inaelekea upande ambao lugha ina maneno mengi kuliko ile inayofasiriwa. Mfasiri anayefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili atarudishiwa hirizi. Anayefungua orodha ya vitenzi, kuvaa, kunywa, kukaga, kufukia, kuzindika, kutega, atakuta kuwa ni kimoja tu kati ya hivyo ambacho kinadhuru kwa maana yake yenyewe, na kwamba mzungumzaji wa Pwani alikwisha kulitenga tendo hilo kwa jina lake.